Wageni wa Barabara: Madereva wa Safari Rally na Watu Waliowapokea

Katika mashindano ya magari yajulikanayo duniani, aghalabu mtazamaji hukaa nyuma ya wavu au ukuta, akalipa kiingilio ili aone gari likipita mbele yake mara nyingi katika mzunguko mmoja, na uso wa dereva asiuone ila katika picha. Safari Rally ya Afrika Mashariki haikuzaliwa na desturi hiyo. Tangu ilipoanza mwaka 1953, njia yake ilikuwa barabara ya umma, ile ile aliyopita mchungaji na ng'ombe wake, basi na abiria wake, na mama aendaye sokoni. Na kwa kuwa barabara ilikuwa ya umma, dereva alikuwa mgeni juu yake, na mkazi wa kando ya barabara alikuwa mwenyeji. Taarikhi ya mashindano haya imeandikwa mara nyingi kwa majina ya washindi na ya magari yao. Nia yangu hapa ni kuisimulia kwa upande wa makutano ya mgeni huyo na mwenyeji wake, maana kwa itikadi yangu ndiyo yaliyoyafanya mashindano kuwa mali ya watu ambao hawakuyaanzisha wala hawakualikwa.

Waliolizua jambo hili walikuwa Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, wakazi wa Kenya waliopenda magari. Palikuwa wakati huo na uwanja wa mashindano mahali paitwapo Langa Langa, karibu na Gilgil, ambapo magari yalizunguka njia moja mpaka mchezo ukaisha. Lakini Cecil hakuona raha katika kuzunguka pale pale, naye alitamani mashindano ambayo mtu angetoka mlangoni kwake, akaingia garini, akaizunguka nchi, kisha akarudi nyumbani. Sababu ya kuligeuza wazo kuwa tendo ikapatikana katika mambo ya ufalme. Elizabeth alikuwa Kenya, karibu na Nyeri, mwezi wa Februari 1952, babaye alipofariki naye akarithi kiti cha Uingereza. Na siku ya kutawazwa kwake ilipokaribia mwaka uliofuata, wapenzi wa magari wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliazimia kuiadhimisha kwa safari iliyoanza tarehe 27 Mei na kwisha tarehe 1 Juni, ikaitwa Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa dukani, na makundi yake yalipangwa kwa bei. Mshindi mmoja wa wote hakutangazwa mwaka ule, ijapokuwa Alan Dix, aliyeendesha Volkswagen ndogo, ndiye aliyerudi na alama chache zaidi za makosa.

Haielekei kuisimulia habari hii bila kusema hali ya nchi ilivyokuwa. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952, na katika siku zile zile ambazo wenye magari walivuka mipaka ya nchi tatu kwa kujifurahisha, Waafrika wengi, hususan Wakikuyu, hawakuweza kusafiri katika nchi yao wenyewe bila ya kibali mkononi. Mtu aliyesimama kando ya njia akaona gari lenye namba ubavuni likipita na vumbi lake hakuwa na sababu ya kulishangilia: sherehe ilikuwa ya mwingine, malkia alikuwa wa mwingine, na usukani ulikuwa wa mwingine. Hapa ndipo ilipo ajabu ya taarikhi hii, kwamba katika muda usiozidi miaka kumi na mitano sherehe ya mwingine iligeuka sikukuu ya wenyeji, na wala haikugeuzwa kwa amri ya serikali, bali kwa matope.

Kanuni ya mashindano ilikuwa nyepesi kueleweka, nzito kutimizwa. Njia ilikatwa vipande, na mwisho wa kila kipande palikuwa na kituo chenye meza, saa, na karani; dereva alipewa muda wa kufika, na kila dakika aliyochelewa ilikuwa alama moja juu yake, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Njia nzima, katika miaka ya ushujaa wake, ilipita kilomita 5,000, usiku na mchana, kutoka joto la pwani hadi baridi ya milima ya Mau, kwa barabara za udongo ambazo mara nyingine zilikuwa njia za ng'ombe tu zilizopanuliwa. Na kwa kuwa mashindano yalitulia katika siku za Pasaka, ambazo ndizo siku za masika, iliyoamua mambo mara nyingi ilikuwa mvua. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyofika, vilevile, yalikuwa saba.

Msomaji ambaye hajaona udongo mweusi wa Afrika Mashariki umeloa hana budi kuelezwa. Gari huingia kwa kasi, magurudumu ya nyuma huteleza upande, injini hulia kwa sauti kubwa lakini mwendo hakuna, na baada ya kitambo mhimili hukaa chini juu ya tope na milango haifunguki. Katika saa hiyo dereva, hata awe bingwa aliyeletwa na kiwanda kwa gharama kubwa kutoka Ulaya, huwa ni mtu aliyekwama njiani na mvua inamnyeshea. Wakati ule ndipo walipotokea watu kutoka mashambani, wengine kwa jembe, wengine kwa kamba na magunia, wengine na matawi ya kuwekwa chini ya magurudumu. Wakalizunguka gari, wakahesabu kwa sauti moja, wakalisukuma. Gari lilipotoka lilitoka kwa ghafla, na aliyesukuma nyuma alivikwa matope toka utosini hadi miguuni, naye dereva hakuweza kusimama kutoa shukrani, kwa maana kusimama tena ni kukwama tena; aliinua mkono dirishani, na watu wakapiga vigelegele kwa sababu gari walilolitoa sasa lilikuwa lao, na matokeo yake yaliwahusu. Usiku ule wangesikiliza redio kutaka kujua gari lile limefika wapi. Hivyo mvua, isiyojali daraja wala rangi ya mtu, ilimfanya mwenyeji awe mshirika, na hakuna mwenye kuona haya kushangilia kazi ya mikono yake.

Aliyeufunga ushirika huo kwa fundo lisilofunguka ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, naye alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva wa mashindano, akaijua sauti ya injini kwa kuifungua kwa mikono yake. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika: kiwanda kilikuwa kimeleta magari ya namna ile mwaka uliotangulia, hayakufua dafu, yakaachwa na kuuzwa Kenya. Kura ikampa namba moja, yaani yeye ndiye wa kwanza kuondoka, bila ya alama ya gurudumu la mwenziwe mbele yake ya kumwonyesha penye shimo au mto uliofurika. Na wa kwanza kuondoka akawa wa kwanza kurejea, mshindi, na yule wa pili yuko nyuma yake kwa muda uliopita saa nzima. Watu walimwita Simba wa Kenya. Alishinda tena mwaka 1974, akaendesha Mitsubishi Lancer na kuishinda Porsche ya Björn Waldegård wa Uswidi, na mara ya tatu mwaka 1976, ambapo magari ya Lancer yalitwaa nafasi zote tatu za juu. Katika Safari 22 alizoanza, alizifikisha mwisho 19. Na kwa mashindano yaliyowahi kurejesha magari saba kati ya 93, hesabu hii yastahiki heshima kuliko ushindi wenyewe. Siri yake ilikuwa kulihurumia gari, kujua mahali pa kukimbia na mahali pa kunyamaza, hekima ambayo wahenga waliitia katika neno mwendapole hajikwai.

Wala Kenya haikuwa peke yake. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na ushindi wake ulisherehekewa Tanzania kama wa mwana wa nchi. Uganda ilimtoa Shekhar Mehta, aliyezaliwa mwaka 1945 katika jamaa ya wenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta alipoteza makao yake akahamia Kenya, na mwaka uliofuata tu alishinda Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Uswidi, ikabidi kanuni ya kutenganisha iamue kati yao. Kisha akashinda mara nne mfululizo, toka 1979 hadi 1982. Mara tano jumla. Hakuna aliyemfikia hata leo. Mtu aliyeondolewa kwao kwa asili yake alipokewa na barabara za jirani, na vijana waliokusanyika njiani wakaliita jina lake.

Madereva wa ng'ambo kwa muda mrefu walikuja na kurudi mikono mitupu. Mabingwa wa Ulaya, waliozoea njia fupi zilizofungwa na zenye wasimamizi kila kona, walifika na mwendo mkubwa na subira ndogo, na Safari ikawavunjia magari. Haikuwa hadi mwaka 1972 ambapo Hannu Mikkola wa Ufini, na mwelekezi wake Gunnar Palm, walishinda kwa Ford Escort wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo, karibu miaka ishirini baada ya mwanzo. Hata baada ya hapo haikuwa rahisi. Rauno Aaltonen, mmoja wa mabingwa wakubwa wa zama zake, alirudi mwaka baada ya mwaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, na ushindi asiupate asilani. Waliofaulu ni wale waliokubali kujifunza: Waldegård, aliyeshindwa na Joginder mwaka 1974, alirudi akashinda mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, na hata katika uzee wake alikuja kuendesha katika Safari ya magari ya kale, akaishinda mwaka 2007 na 2011. Wenyeji huthamini mgeni anayerudi, na Waldegård alirudi mpaka akafahamika vijijini.

Kadiri fedha za viwanda zilivyoongezeka, sura ya mambo ilibadilika. Magari yalifungwa vyuma vya mbele vya kuzuia wanyama, taa za ziada, na bomba refu la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo ili injini isinywe maji mtoni. Helikopta ziliruka mbele ya gari kuangalia kama kuna lori, kundi la mbuzi, au watoto njiani. Mipaka nayo ilifungwa. Safari iliyowahi kuanzia Kampala na Dar es Salaam ilibaki ndani ya Kenya tangu katikati ya miaka ya sabini, wakati undugu wa nchi tatu ulipokuwa ukilegea hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Lakini nyuso za kando ya njia hazikupungua. Magari yaliposhushwa jukwaani mbele ya jumba la KICC, bendera ikipungwa na Rais mwenyewe, Nairobi nzima ilikuwa nje. Na vijijini watoto walisubiri toka alfajiri ili wapate stika moja kutoka kwa mafundi, wakaibandika mlangoni mwa nyumba, ikakaa pale hata rangi yake ikapauka.

Faida ya miaka hiyo ya kusubiri ilionekana pale watoto wa kando ya njia walipoanza kuketi nyuma ya usukani. Patrick Njiru alimaliza Safari ya mwaka 1993 kwa Subaru Vivio, gari dogo ambalo wengi waliliona la mjini, na ambalo Colin McRae wa Uskochi hakuweza kulifikisha mwisho katika mashindano yale yale. Na mwaka 1994, Ian Duncan wa Kenya aliposhinda kwa Toyota Celica, Njiru alishika nafasi ya nne, mbele ya wageni waliokuja na mafundi wengi kuliko wake. McRae hakukata tamaa: alishinda mwaka 1997, 1999 na 2002, na mapenzi ya Wakenya kwake yakafika mahali ambapo Phineas Kimathi, dereva na kiongozi wa michezo ya magari nchini, alimwita mwanawe McRae. Mtoto huyo alikua, akawa dereva, na mwaka 2022 akaendesha katika mashindano ya dunia ya vijana, hata katika theluji ya Uswidi. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu wa jinsi mgeni wa barabara awezavyo kuingia katika nyumba ya mwenyeji wake.

Baada ya ushindi huo wa McRae wa mwaka 2002, Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia. Kwa miaka kumi na minane na zaidi ikabaki mashindano ya Afrika, yenye heshima lakini bila ya majina makubwa ya dunia. Kijana aliyezaliwa katika miaka hiyo alilisikia jina la Safari kwa wazee tu. Ilikusudiwa irudi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukazuia; ikarudi mwezi wa Juni 2021, na siku ya mwisho Thierry Neuville wa Ubelgiji, aliyeongoza, alivunjikiwa gari, Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda. Nafasi ya saba, ya nane na ya tisa zilishikwa na Wakenya: Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo.

Lakini Safari iliyorudi si ile iliyoondoka, na mpenzi wake lazima alijue hilo kabla hajafunga safari ya kwenda kuiona. Njia sasa ni vipande vifupi vilivyofungwa, katika mashamba na hifadhi za Naivasha, Elmenteita na Soysambu, na jumla ya mwendo wa kushindania haifiki kilomita 400. Mbuzi na mabasi hayamo tena. Mtazamaji huwekewa kamba na askari wa kumrudisha nyuma, na ni haki, kwa kuwa gari la leo hufika kwenye kona kabla ya jicho kuliona vizuri. Penye udongo laini wa kipande cha Kedong, uliosagika kama unga wa sembe, gari huzama hadi tumboni, hutimua wingu linaloning'inia dakika kadhaa, na anayefuata huingia ndani yake bila kuona.

Basi mahali pa kukutana pamehamia kwingine. Anayetoka Nairobi alfajiri, akashuka ukingo wa Bonde la Ufa na jua likichomoza, hufika Naivasha mapema na kukuta uwanja wa mafundi ulio wazi kwa watu. Hapo, adhuhuri, gari hurudi kutoka porini likiwa limepasuka bampa, rangi yake haionekani kwa vumbi, na mafundi hupewa dakika 40 tu za kulitengeneza. Jeki huinua gari, magurudumu manne hutoka kwa mara moja, mmoja amelala chini na spana, mwingine anatoa giaboksi nzima huku mvuke ungali unatoka. Hakuna anayepaza sauti, kila mkono unajua kazi yake, na karani mwenye saa amesimama akingoja. Halaiki ya watu huangalia kwa kimya cha watu wanaoheshimu ufundi, na wengi wao ni makanika wa Gikomba, Nakuru na Eldoret, wanaojua kwa yakini ugumu wa kile wanachokitazama. Dereva, akisha kuongea na mafundi wake, hupita karibu na kamba. Kofia hunyooshwa, daftari za shule, hata migongo ya fulana, naye hutia saini, hushika mikono, hupiga picha na mtoto aliyebebwa begani na babaye. Hukaa pale dakika chache, kisha saa humwita. Kwa mpenzi aliyetoka mbali, dakika hizo ndizo siku yake yote.

Lakini ningemsihi mpenzi huyo asiishie kwenye hema kubwa za viwanda. Pembeni mwa uwanja ule ule huwa wamo madereva wa hapa, wenye gari moja, mafundi wachache ambao mara nyingi ni ndugu na rafiki, na magurudumu ya kuhesabu. Wao hutafuta fedha mwaka mzima ili washiriki siku nne. Kwao hapana msongamano, mazungumzo huwa marefu, na mtu huweza kuuliza gari linavyotengenezwa, linavyokopewa, na linavyopona. Joginder alianzia mahali kama hapo. Atakayeshinda kutoka kwetu siku zijazo naye ataanzia hapo, na atahitaji watu waliomjua kabla ya ushindi.

Majina ya walioshinda Safari tangu 1953 yamehifadhiwa yote, pamoja na aina ya gari na jina la mwelekezi. Majina ya walioyatoa magari matopeni Mbulu, Kitui, Tambach na Taita hayakuandikwa popote, ilhali bila ya mikono yao kuna washindi ambao wasingefika. Wengi wao sasa ni wazee. Wewe msomaji, ikiwa babako au bibiyo aliwahi kusukuma gari la Safari, au kulala kando ya moto akilingojea lipite, mwulize ni mwaka gani, ni mahali gani, ni gari la nani, na uyaandike asemayo wakati angali anayasema.